Jibu: Mpasuko mdogo wa mdomo wa mtoto, je, lazima apasuliwe?

Hongera kwa mtoto, mama, na pole kwa wasiwasi. Umesema ana kapengo kadogo kwenye mdomo wa juu, na ndugu wanakuambia katajiziba akikua. Hakajizibi.

Muulize daktari kwanza: msuli unaozunguka mdomo umeungana? Ngozi inaweza kuonekana nzima huku msuli chini yake umeachana, ndiyo maana kasoro huonekana zaidi mtoto akilia. Kushona ngozi peke yake hakutoshi. Mdomo ukiwa umevutika juu kidogo tu, mkato mdogo wa umbo la Z unaweza kufaa. Ukivutika zaidi, wapo wapasuaji wanaotumia njia ya daktari Millard, ya kuzungusha upande mmoja na kusogeza mwingine, au ya daktari Fisher ya mwaka 2005, inayoficha kovu kwenye mistari ya asili. Mimi ningejali zaidi uzoefu wa mpasuaji kuliko jina la njia.

Wapasuaji wengi husubiri mtoto afike wiki 10, kilo 4.5 na himoglobini (kipimo cha wingi wa damu) 10. Akiwa na mafua au homa, waambie kabla ya usingizi wa dawa. Kaakaa, yaani paa la kinywa, nalo likaguliwe. Maziwa yakitokea puani, usingoje tarehe ya kliniki. Kama uko Dar es Salaam, anzia hospitali ya CCBRT, na uliza kuhusu upasuaji wa bure.