Maswali ya wasomaji: Pesa ya utafiti kwa mwanafunzi wa saikolojia

SWALI: Jambo yenu, wakubwa wa gazeti. Niko L3, mwaka wa tatu wa lisansi, saikolojia hapa Lubumbashi, napanda kampasi ya Kassapa kila siku. Rafiki amenitumia kwa WhatsApp orodha ndefu ya bursi za Marekani kwa wanafunzi ambao hawajamaliza lisansi na wanafanya utafiti chini ya profesa. Sisi wa huku tunaweza kuomba, ao ni kumaliza megabaiti bure?
J., komini ya Kenya

JIBU: Ndugu J., orodha ya namna hiyo huanzwa kusomwa chini, pale wanapoandika nani anaruhusiwa. Inayotajwa sana ni REU, mpango wa utafiti kwa wanafunzi wa lisansi, pesa ya NSF, shirika la serikali ya Marekani linalogharamia sayansi. Mwanafunzi hulipwa posho kwa wiki 10 hivi za likizo akifanya kazi ndani ya maabara ya chuo kilichompokea, na maombi huenda kwa chuo hicho, siyo kwa NSF yenyewe. Ila posho hiyo ni ya raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu kule. Ifute kwenye orodha.

Halafu kuna Psi Chi, jumuiya ya heshima ya wanafunzi wa saikolojia iliyoanzishwa mwaka 1929. Inatoa ruzuku za utafiti kwa wanafunzi wa lisansi, na siku hizi vyuo vya nje ya Marekani vinaweza kufungua tawi. Lakini ruzuku ni za wanachama, na uanachama hupitia tawi la chuo chako. Tawi huombwa na idara pamoja na profesa atakayelilea. Mwanafunzi peke yake hawezi. Kama idara yenu haina, kamshawishi asista mmoja mwenye bidii. Huenda utakuwa umeshamaliza masomo tawi likifunguliwa, lakini wadogo zako watakushukuru.

Sasa tuje kwenye yale yanayowezekana. Katika fani hii pesa humfuata msimamizi, kisha mwanafunzi ndiye huingia ndani ya mradi. ARES, shirika la vyuo vya Ubelgiji wa Kifaransa, kwa mfano, inashirikiana na vyuo vya Kongo, Unilu (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) kikiwemo. Bursi zake za mtu binafsi ni za wenye diploma ya chuo tayari, kwa hiyo L3 hana nafasi pale. Mradi wa utafiti, lakini, huwa na fungu la kukusanya data: wahojaji, usafiri, fotokopi. TFC yako, kazi ya mwisho wa masomo, ikijibu swali dogo lililomo ndani ya mradi huo, gharama zako zinabebwa bila wewe kuandika ombi hata moja.

Kwa hiyo usiende kwa profesa kuuliza "kuna bursi?" Soma kwanza makala zake mbili za karibuni, kisha peleka ukurasa mmoja: swali lako kwa sentensi moja, utahoji nani na wangapi, utatumia kipimo gani, utamaliza mwezi gani. Halafu uliza: "Profesa, kuna mradi unaoendelea ambao kazi hii inaweza kuingia ndani yake?" Akisema hakuna, muulize nani anao. Wengi huishia kwenye jibu la kwanza.

Njia nyingine haikupi pesa mkononi ila inakupa usimamizi wa bure. CREP ni mpango wa wanafunzi kurudia tafiti zilizokwisha kuchapishwa. Mnachagua utafiti kwenye orodha yao, msimamizi wenu anakubali, mnaweka utaratibu wote kwenye OSF, tovuti ya bure ya kuhifadhi tafiti, pamoja na video inayoonyesha jinsi mtakavyomhoji mtu, na wakaguzi wanaupitia kabla hamjakusanya data. Vikundi vingi hukwama kwenye ruhusa ya kamati ya maadili, kwa sababu huiomba mwisho. Iombeni mwanzo.

SWALI: Mimi direkta (msimamizi) wangu amekubali, na chuo cha nje anachoshirikiana nacho kitatoa dola 500. Bajeti yangu imerudishwa. Niliandika laptopu 350, mengineyo 150. Kosa liko wapi?
Mwanafunzi wa kike, Kamalondo

JIBU: Dada, makosa ni mawili. Laptopu inabaki kwako baada ya utafiti kwisha, na "mengineyo" ni neno linalomfanya mhasibu afunge faili. Anza na idadi ya watu. Ukilinganisha vikundi viwili na kutarajia tofauti ya ukubwa wa kati, na ukitaka nafasi ya asilimia 80 ya kuigundua, programu ya bure ya G*Power itakuambia watu 64 kwa kila kikundi, jumla 128. Ongeza asilimia 10 ya watakaoacha katikati: 141.

Tuseme nauli ya kila mmoja ni dola 2: hapo ni 282. Watafsiri wanne wa dodoso, wawili wa kulitia Kiswahili na wawili wa kulirudisha kwenye lugha ya kwanza ili kulinganisha, dola 15 kila mmoja: 60. Jaribio la awali la dodoso kwa watu 10: 20. Intaneti: 20. Akiba ya kumsindikiza mtu hospitalini: 30. Zinabaki 88 za fotokopi, na kama kamati ya maadili inatoza ada ya faili, itoke humo. Fomu ya ridhaa ya kurasa 2, nakala yako na yake, kwa watu 141 ni kurasa 564. Nenda kwa mwenye mashine akupe proforma yenye muhuri. Kama bei ziko kwa franka, andika kiwango cha kubadilisha na tarehe yake, maana pesa ikifika kiwango kitakuwa kimeshahama.

Vifaa usinunue. PHQ-9, dodoso la kupima dépression (huzuni ya ugonjwa), ni bure: maswali 9 juu ya wiki 2 zilizopita, kila jibu 0 hadi 3, jumla ya juu kabisa 27. Dodoso la Beck, linalopima jambo lile lile, linauzwa. KoboToolbox hukusanya data kwa simu hata pasipo mtandao, na jamovi, programu ya takwimu, inakokotoa bila kulipia leseni. Ila tafsiri za Kiswahili za nchi za Kenya na Tanzania zipitie upya. Mtu wa komini ya Katuba ukimuuliza juu ya "sonona", neno lao la dépression, atakutazama tu.

Ile akiba ya 30 usiifute. Swali la 9 la PHQ-9 linauliza juu ya mawazo ya kufa ao kujidhuru. Mtu akijibu chochote zaidi ya 0, lazima ujue siku hiyo hiyo unampeleka kwa nani, kwa mfano kituo cha Joseph Guislain hapa mjini, na mkubaliane nao kabla ya kuanza. Bila mpango huo kamati ya maadili itakurudisha, na ina haki.

SWALI: Pesa ya ruzuku ilitumwa, benki ikairudisha. Kwa nini?
Baba wa mwanafunzi, Ruashi

JIBU: Baba, mara nyingi ni majina. Fomu za nje zina nafasi mbili, sisi tuna jina, postnom (jina la pili) na prénom (jina la kwanza). Mtoto akiandika mawili kwenye fomu na akaunti ina matatu, ao mpangilio umegeuzwa, mashine inaona watu wawili. Aandike yote matatu kama yalivyo kwenye akaunti, herufi kwa herufi, kisha alinganishe na kadi ya mpiga kura na orodha ya pointi za chuo. Tofauti ikiwepo, asahihishe upande wa chuo ao benki kabla ya kuomba pesa itumwe tena.