"Kujiua" si "kujidhuru", na hapo hakuna kufanikiwa

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi hapa Uyole, Mbeya. Tukipokea mtu mwenye sonona, nimuulize kama ana mawazo ya "kujidhuru" au ya "kujiua"? Wenzangu wanasema hilo la pili ni kali, litampa wazo.

Jibu: Marahaba mwanangu. Sema kujiua. Kujidhuru ni jambo jingine: mtu aweza kujiumiza bila kutaka kufa, na anayetaka kufa aweza kukujibu "hapana" bila kudanganya, maana akilini mwake hajidhuru, anapumzika. Kumuuliza waziwazi hakumpandikizii wazo. Wataalamu wa afya ya akili wamelichunguza hilo, na wengi wanaoulizwa huona wametuliwa mzigo. Woga wa wenzako naujua. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, hivyo neno lenyewe linanuka polisi. Mwambie kwanza kwamba unauliza ili umtibu.

Ila umenigusa kidonda. "Alijaribu kujiua lakini hakufanikiwa." Nalisikia redioni, nalisoma magazetini, na nimelisikia hata wodini, mgonjwa yuko macho. Kufanikiwa! Mkulima wa Uporoto aliyevuna viazi mviringo kabla mvua hazijaviozesha, huyo amefanikiwa. Bintiye aliyefaulu darasa la saba amefanikiwa. Mama mkwe aliyefika Tukuyu na tenga la mayai bila kuvunja hata moja amefanikiwa. Popote neno hili linapokaa, nyuma yake inakuja hongera. Sasa mtu amelala kaugeukia ukuta, nawe unasema hakufanikiwa: umemwambia kwamba hata hili limemshinda. Na ukiandika "alifanikiwa kujiua", unampa marehemu hongera mbele ya watoto wake. "Alishindwa kujiua" ni pacha wake. Siyavumilii yote mawili, na sitayavumilia.

Tuna kunusurika, lenye nusura ndani yake, Kiarabu cha msaada. Aliyebaki hai amenusurika. Aliyekufa amefariki kwa kujiua. Msibani, ndugu wakisema "kujitoa uhai", waache. Pale kila mtu hushika neno analoweza kulibeba. Kwenye faili la mgonjwa, hapana. Andika "alijaribu kujiua, amenusurika", kisha andika ni nani atakayelala naye nyumbani wiki hii.