Muulize Kapteni: Je, niiache Cessna ninunue ndege yenye mbio zaidi?

SWALI: Shikamoo Kapteni. Mimi ni rubani wa kujifurahisha tu, sirushi ndege kwa mshahara. Nina leseni kwa miaka 5 na saa 240 angani, karibu zote kwenye Cessna 172 yangu mwenyewe. Mara 8 au 9 kwa mwaka tunakwenda kuwaona wazee, mimi, mke wangu na watoto wetu wa miaka 7 na 11. Ni maili 310 za baharini, na upepo ukiwa wa mbele mdogo huchoka mpaka analia. Wikiendi nyingine naruka peke yangu, maili 60 kwenda na 60 kurudi. Nimepata Mooney M20J inauzwa, na kuna mtu ananishawishi nichukue Bonanza. Rafiki yangu anasema ndege zenye mbio zimewazika marubani wengi wa saa chache kama mimi. Mke wangu ameniachia niamue. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu kiti unachokikalia leo nilikikalia mimi. Niliiacha 172 nikiwa na saa 310, nikaingia kwenye M20J, na nimekaa nayo miaka 11. Naipenda ndege ile kwa moyo wote, kwa hiyo sitakutisha. Ila sitakuficha kitu.

Tuanze na muda, maana ndio unaokwenda kuununua. Tuseme 172 yako inakwenda noti 115 (noti 1 ni maili 1 ya baharini kwa saa, kama kilomita 1.85). M20J iliyotunzwa inakwenda 155 bila kulazimishwa. Maili 310 kwa noti 115 ni saa 2 na dakika 42. Kwa 155 ni saa 2 kamili. Umeokoa dakika 42. Sasa weka upepo wa mbele wa noti 30, ule unaomliza mdogo. 172 inabaki na 85 juu ya ardhi, na safari inakuwa saa 3 na dakika 39. Mooney inabaki na 125, inafika kwa saa 2 na dakika 29. Hapo umeokoa saa 1 na dakika 10, na mtoto wa miaka 7 aliyefungwa mkanda anaijua tofauti hiyo kuliko mimi na wewe. Safari ya maili 60 je? Dakika 8. Hizo utazimaliza ardhini ukisubiri injini ipate joto.

Kwa hiyo kama ungekuwa na zile za wikiendi tu, ningekuambia baki ulipo. Safari ya wazee ndiyo inayokupa haki ya kuulizia ndege hii.

Mafuta yasikutie hofu. 172 inakunywa kama lita 32 kwa saa na M20J kama 38, lakini kwa kuwa inafika mapema, kwa kila maili inakunywa pungufu kidogo. Fedha zitakwenda kwingine: kwenye bima, kwenye propela inayobadili pembe pamoja na gavana wake (kifaa kinachoiongoza pembe hiyo), na kwenye mfumo wa kukunja miguu ya magurudumu, ambao kila ukaguzi wa mwaka unamtaka fundi aiinue ndege kwa jeki, akunje, akunjue, apime, arudie.

Sasa kaa nami kidogo hapa, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Kadiri ndege inavyokwenda kasi, nguvu ya kuipasua hewa hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi hiyo. Ukitaka kutoka noti 120 kwenda 160 kwa kuongeza injini peke yake, ile ya nguvu farasi 180 iliyoko kwenye 172 za karibuni ingebidi iwe ya zaidi ya farasi 420. M20J ina 200 tu. Ilipotengenezwa katikati ya miaka ya 1970, mhandisi Roy LoPresti na wenzake hawakugusa idadi ya farasi, walilisafisha umbo. Kioo cha mbele kikalazwa, uso wa injini ukazibwa vizuri, kila mahali hewa ilipokuwa ikikwama pakalainishwa. Ndege ikafika maili 201 za nchi kavu kwa saa kwa injini ya farasi 200, ndiyo maana mpaka leo wenye nazo huiita 201.

Ulaini huohuo ndio utakaokusumbua. Ndege ambayo hewa haiikamati inapokwenda, hewa haiikamati inaposhuka pia.

Wiki ya tatu baada ya kuinunua yangu nilikuwa futi 8,500 nikielekea uwanja nilioufahamu vizuri. Nikaanza kushuka pale nilipozoea kuanzia na 172, maili 20 kabla. Nikainamisha pua. Mshale wa kasi ukapita 160, ukapita 165, ukawa unanyemelea eneo la njano, la tahadhari. Nikapunguza nguvu ya injini, ndege haikushtuka. Maili 5 kutoka uwanjani nilikuwa bado futi 4,500, noti 160, na miguu ya ndege yangu hairuhusiwi kushushwa ukizidi noti 130 hivi. Mkono wangu wa kulia ulikuwa tayari umekishika kile kitasa chenye umbo la gurudumu dogo, vidole vimelowa jasho, na nilikuwa ninajishawishi kwamba nikishusha mara moja tu haitavunjika kitu. Nikauondoa mkono. Nikapita juu ya uwanja, nikaenda nje maili 6, nikaiacha ndege ipoe mbio zake taratibu, nikarudi kutua. Abiria wangu hakujua kitu. Mimi nilikaa ndani ya ndege dakika nyingi baada ya propela kusimama.

Tangu siku ile nashuka kwa hesabu. Kutoka futi 8,500 hadi futi 2,000 ni futi 6,500. Kwa futi 500 kila dakika ni dakika 13. Kwa noti 165, dakika 1 ni maili 2.75, kwa hiyo dakika 13 ni maili 36. Naongeza maili 5 za kupunguza kasi nikiwa nimenyooka, jumla 41. Ni mara mbili ya pale nilipoanzia siku ile. Hesabu hii ianze sasa hivi kwenye 172 yako, kila safari, mpaka uipige bila karatasi.

Kutua nako kuna lake. Tuseme kwa uzito wa siku hiyo ndege inataka noti 65 unapokaribia kizingiti cha barabara ya kutulia, nawe umekuja na 75, kwa sababu 10 za ziada zinakupa amani ya moyo. Nishati hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo umebeba karibu theluthi moja zaidi ya unayopaswa kuitua. Bawa la Mooney liko chini, karibu kabisa na lami, na linapokaribia ardhi hivyo ndege huelea, huelea, huelea. Mwisho wa barabara unakujia. Rubani anakosa subira, anailazimisha iguse, gurudumu la pua linatangulia na ndege inadunda. Mdundo wa kwanza mdogo, wa pili mkubwa, wa tatu propela inakula lami, na injini nzima inakwenda kufunguliwa. Dawa ni kasi sahihi tangu mwanzo. Na ikidunda, usibishane nayo: peleka nguvu zote, paa, zunguka, uje upya.

Miguu utaizoea, ila jiwekee desturi usiyoivunja hata siku moja. Mimi naitamka kwa sauti mara tatu, hata nikiwa peke yangu: ninapoanza kuzunguka uwanja, ninapogeuka kuelekea barabara, na ninapokaribia kizingiti. Naangalia taa ya kijani, halafu naangalia sakafuni, ambako M20J ina kidirisha chenye alama zinazokutana miguu ikishajifunga. Taa inaweza kuungua. Alama za sakafuni zinasogezwa na miguu yenyewe.

Jambo la uzito hukuligusa, na nyinyi ni wanne. Matangi ya M20J yakijaa yanabeba lita 242 za kutumika, na petroli ya ndege ina kama kilo 0.72 kwa lita, yaani kilo 174. Ndege nyingi za aina hii zinabeba kama kilo 430 kwa jumla, mafuta yakiwemo. Zilizobaki ni kilo 256. Pima familia yako leo, kisha upime tena kichwani mwako, yule wa miaka 11 akiwa na 15. Bahati yako safari ni ya saa 2, si lazima ujaze matangi. Lakini chukua karatasi ya uzito ya ndege hiyohiyo unayouziwa, maana kila moja ina namba yake.

Sasa kununua. Muuzaji atakuambia ndege ina saa chache. Usifurahi haraka. Kwenye injini za Lycoming, kama ya M20J, kamshafti (mhimili wenye meno unaofungua vali) iko juu, na ndege ikikaa bila kuruka oili yote hushuka chini, chuma kikabaki kikavu na kutu ikaanza kazi. Niliwahi kuipenda moja iliyokuwa imeruka saa 20 tu ndani ya miaka 4, rangi inang'aa, viti vya ngozi. Fundi wangu akaomba atoe silinda moja. Akamulika tochi, akanisogeza kwa bega nichungulie: juu ya jino la kamshafti kulikuwa na vishimo vidogo kama vya ndui. Tukarudisha silinda, tukamshukuru mwenye mali, tukaondoka. Ndege iliyoruka saa 100 kila mwaka, na daftari lake limejazwa bila mapengo, ndiyo ninayoiamini.

Kwenye Mooney, lala chini ya mabawa. Tangi ni bawa lenyewe lililopakwa gundi ya kuziba kwa ndani, na gundi ikizeeka mafuta huvuja. Kwa kuwa petroli ya oktani 100 ya siku hizi imetiwa rangi ya buluu, utaona michirizi ya buluu kwenye mishono. Kisha mwombe fundi afungue mapambo ya ndani chini ya madirisha. Mle mna fremu ya mabomba ya chuma, na dirisha linalovuja mvua hulitia bomba kutu miaka mingi kabla mtu hajajua. Na fundi awe wako, asiwe yule aliyekuwa akiitunza kwa mwenye nayo.

Kuhusu Bonanza nitakuwa mfupi. Ni ndege nzuri mno. Ilianza kuruka Desemba 1945, na si bahati kwamba watu bado wanaitaka. Lakini injini yake ya silinda 6 inakunywa zaidi na matengenezo yake ni mazito zaidi, na zile za mkia wa V zina mabati ya magnesiamu kwenye mkia ambayo kwa miaka mingi kuyapata mapya kumekuwa shida. Kwa familia yako na safari yako, Mooney inatosha.

Rafiki yako hajakosea. Wingu uliloliona maili 30 mbele, 172 inakupa dakika 16 za kuamua; Mooney inakupa chini ya 12. Kwa hiyo kabla hujalipa, tafuta mwalimu anayeijua Mooney kwa kuirusha, si kwa kusikia tu, uruke naye saa 15. Mara nyingi bima nayo itakudai saa na mwalimu, lakini wewe usihesabu za bima, hesabu zako. Ziwemo za upepo wa ubavu, za kushuka kutoka juu, na za kudunda na kupaa tena. Saa 2 za mwisho mchukue mama watoto. Kwenye Mooney unakaa chini na miguu umeinyoosha mbele. Wengine hupenda, wengine hujisikia wamebanwa. Amekuachia uamue, lakini atakayekaa kiti cha kulia saa 2 kila safari ni yeye. 172 usiiuze mpaka saa hizo 15 zimekwisha.

SWALI: Kapteni, nina Piper Cherokee ya nguvu farasi 150, inakwenda noti 108. Sitaki kuiuza, nimeizoea. Nikiweka injini ya farasi 180, nitapata mbio kiasi gani?

JIBU: Dada yangu, rudi kwenye ile hesabu niliyompa kijana hapo juu. Umeongeza nguvu kwa asilimia 20, kasi itaongezeka kama asilimia 6: utatoka 108 hadi 115 hivi. Utakachokipata kwa kweli ni kupaa. Siku ya joto kali, uwanja ukiwa mwinuko na mmekaa wanne, tofauti hiyo utaisikia mgongoni. Kama ni kasi tu unayoitafuta, anza na vya bei ndogo: vifuniko vya magurudumu kama vilitolewa na kutupwa stoo, na fundi apime kama mabawa na flapu (vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) vimekaa sawa. Nilimsaidia mwenzangu mmoja ambaye ndege yake ilikuwa ikivuta kulia miaka yote, naye akiizuia kwa mkono bila kujijua. Flapu moja ilikuwa imening'inia chini kidogo kuliko mwenzake. Iliporekebishwa alipata noti 3, na bega lake likaacha kuuma.