Kibanda cha msituni kinavuja: tuongeze majani?

Swali: Sisi ni kikundi cha vijana wa Wete. Tulijenga kibanda cha fito na majani porini ili tulale usiku mmoja, lakini mvua ya masika ikaingia ndani ijapokuwa tuliongeza majani mara tatu. Je, paa linahitaji unene gani?

Jibu: Msiongeze hata jani moja kabla hamjapima mwinamo wa paa. Karibu kila anayeniletea suala hili anadhani kwamba majani huzuia maji kama bati, ilhali kazi yake ni kupokezana: jani la juu humwagia la chini yake mpaka tone lifike ukingoni. Paa likilala, tone hupenya, na majani mnayoongeza huwa mzigo unaozipinda fito, na paa likazidi kulala. Ikiwa nusu ya upana wa kibanda ni mita 1, basi mgongo wa paa uinuke mita 1 juu ya ukingo, yaani nyuzi 45 hivi.

Ezekeni kuanzia chini kwenda juu, kila safu ifunike zaidi ya nusu ya iliyo chini yake, na mtumie makuti yaliyokwisha kukauka, kwani mabichi hunywea baadaye yakaacha mianya. Kisha ingieni ndani mtazame juu: kila kijiti kinachochomoza kutoka kwenye fito kikagusa majani hulikatiza tone njiani na kulidondoshea kitandani. Vikateni vyote. Kitanda chenyewe kiwe juu ya uchaga, hasa upande wa maweni ambako mfereji wa kupitisha maji hauchimbiki.

Wanaonichosha ni mafundi wa video, ambao hutandaza nailoni, wakaipamba kwa majani na kuiita nyumba ya asili, au hukoka moto ndani eti paa likauke, na hali makuti makavu yakishika moto hayampi mtu nafasi ya kutafuta mlango. Wapo pia wanaowafundisha vijana kukata miti michanga popote waionapo, na ndivyo watu wanavyoingia na mapanga Ngezi au Jozani, ambako ni hifadhi na ukataji umekatazwa. Kibanda cha usiku mmoja hakihitaji mti mbichi. Mwombeni ruhusa mwenye shamba la minazi, muokote makuti yaliyoanguka na fito kavu zisizoliwa na mchwa, na kamba ya makumbi mje nayo kutoka nyumbani.