Mgeni akikohoa, asipande kwa sokwe: jibu kwa mdogo wangu wa Kibirizi

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa binti wa Kibirizi aliyeanza kazi ya kuongoza watalii hapa Kigoma, wanaokwenda kuona sokwe wa hifadhi ya Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika. Jina lake nalihifadhi, bado anaihitaji kazi hiyo. Aliandika: "Shikamoo dada. Nina mgeni wa Gombe, ana mafua, amekohoa usiku kucha. Nimemwambia bosi, kasema mgeni keshalipa, nimpeleke tu, atavaa barakoa. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, siku ile nilikujibu kwa neno moja kwa sababu boti yenu ilikuwa inaondoka alfajiri. Leo nakujibu kwa kirefu, na ninawaandikia pia wale wote mnaonitumia ujumbe tangu Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, afariki, Oktoba 1, 2025, mkitaka kujua mtu anaingiaje kwenye kazi hii. Wengi mnauliza kuhusu vyeti na Kiingereza. Hakuna aliyeniuliza kuhusu kukataa, na kukataa ndiko kulikonipa jina nililo nalo leo.

Mimi ni mtoto wa Ujiji. Mjomba wangu aliendesha boti za abiria za kwenda Mwamgongo, zile zinazopakia madumu ya mawese, magunia, kuku, na watu juu yake. Tukipita mbele ya Gombe alikuwa akinionyesha mabonde kwa majina, Kakombe, Mkenke, Mitumba, kabla sijajua kwamba majina hayo yameandikwa kwenye vitabu vya dunia nzima. Mtu wa mbali akisikia Gombe inavyovuma hudhani ni msitu usio na mwisho. Nchi kavu ya hifadhi haifiki kilomita za mraba 40. Ukipanda kutoka ufukweni kuelekea mashariki, siku haijaisha umeshaona mashamba ya muhogo ya watu. Sokwe waliomo ni kama 100, au pungufu ya hapo. Hao ndio wote.

Miaka ya kujifunza naipita, ilikuwa ya kubeba mabegi na kusikiliza. Kampuni iliyonichukua mwanzoni sitaitaja. Ilinipa mgeni mmoja, mzee mpole sana, aliyeniambia ameweka akiba miaka mingi ili aje kuwaona sokwe. Ndani ya boti alikuwa anakohoa. Nilimuuliza, akasema ni vumbi la safari. Usiku, pale Kasekela, kambini ndani ya hifadhi, homa ikampanda. Asubuhi nilikwenda kwa mhifadhi wa zamu nikamweleza nilichokiona, naye akasema mzee abaki ufukweni. Mzee alilia. Nilikaa naye siku nzima, tukaongea habari za watoto wake, lakini mlimani hakupanda.

Kurudi mjini niliambiwa nimeiaibisha kampuni mbele ya mteja. Kufukuzwa sikufukuzwa. Waliacha tu kunipigia simu. Msimu ule wote wa kiangazi, wakati wenzangu wanapishana na wageni Kibirizi, zinapoondokea boti, mimi nilikuwa nauza dagaa wa dada yangu sokoni. Imepita miaka, na nikikutana na gari lao barabarani moyo bado unanichoma. Kinachoniuma kuliko fedha ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini nilifanya vile. Ningewaeleza.

Ningewaeleza habari za mwaka 1966, pale sokwe wa Gombe walipopata polio. Wengine walipooza mikono au miguu, wengine wakafa. Ningewaeleza habari za Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe kusini mwa ziwa letu, mwaka 2006, ugonjwa wa mfano wa mafua ulipopita kwenye kundi la M, kundi lililozoezwa kuwa karibu na watu, na kuua sokwe kadhaa. Wataalamu waliochunguza magonjwa ya Mahale walikuta kirusi cha njia ya hewa kinachohusiana na cha binadamu. Sokwe na sisi tunalingana vinasaba kwa takribani asilimia 98, kwa hiyo kinachokupa wewe kamasi za siku tatu kinaweza kumwua yeye, ambaye hana dawa wala mahali pa kujificha. Na akifa jike mmoja, pengo lake halizibiki upesi. Huanza kuzaa akiwa na miaka kumi na zaidi, huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka mitano hivi ndipo azae mwingine. Msimu mmoja wa kikohozi unaweza kufuta kazi ya miaka ishirini.

Sasa bosi wako anasema barakoa itatosha. Barakoa ni kwa ajili ya mgeni mzima, ambaye huenda amebeba kitu bila kujua. Kanuni ya kukaa mita 10, ya kukaa na sokwe saa moja tu, ya kundi la wageni wasiozidi sita, zote ziliwekwa kwa ajili ya watu wenye afya. Mgonjwa haingii kabisa, na kanuni za hifadhi zinasema hivyo. Hukubuni kitu, mdogo wangu. Simama hapo.

Na ili usimame lazima ujue. Hapa ndipo vijana wengi mnaponisikitisha. Mnakariri maneno ya kumchekesha mgeni, halafu msituni hamwezi kumtajia mti. Mwaka 1987 kule Mahale, mzee wetu wa Kitongwe, Mohamedi Seifu Kalunde, alikuwa na mtafiti Michael Huffman walipomwona sokwe jike mgonjwa akichuma mti mdogo uitwao mjonso, akaumenya na kutafuna kiini chake kichungu. Mzee Kalunde aliutambua mara moja kwa sababu Watongwe wanautumia kwa maradhi ya tumbo. Siku iliyofuata yule sokwe alionekana kupata nafuu. Utafiti wa jinsi sokwe wanavyojitibu ulipata nguvu kubwa kutokana na macho ya mzee wa huku kwetu. Na Gombe, mwaka 1975, wanafunzi wanne wa kigeni walipotekwa na waasi kutoka ng'ambo ya ziwa na wageni wakaondolewa, kumbukumbu za sokwe hazikukatika. Watanzania, akina Hilali Matama, waliendelea kupanda milima kila siku na kuandika. Kwa hiyo mtu asikuambie wewe ni mbeba mabegi usiye na kauli. Unakalia kiti cha watu wale.

Mambo ya kufanya ni machache. Muulize mgeni habari za afya yake mjini, kabla fedha ya boti haijatoka mkononi, na muulize tena asubuhi ya safari. Mwombe bosi aandike kwenye karatasi ya malipo kwamba mgonjwa hatapanda, ili siku ya siku neno lisiwe lako peke yako. Akishaumwa, mwambie sababu kwa upole, ana kwa ana, usimtume mpishi. Mpe kitu kingine: mpeleke Ujiji kwenye makumbusho ya Livingstone, mpeleke Katonga akaone mitumbwi ya dagaa ikirudi, mlishe mgebuka wa kuchoma. Wageni wengi wakielezwa huelewa. Hata yule mzee wangu aliniandikia baadaye kunishukuru.

Nawe ukiwa na mafua, baki nyumbani. Nalisema kwa ukali kwa sababu tunawanyooshea kidole Wazungu, kumbe sisi tunapanda na kikohozi kwa kuogopa kupoteza posho ya siku. Usiteme mate njiani. Usiache ganda la ndizi wala kiini cha embe. Unachokitaka kwa mgeni uanze nacho wewe, na wapagazi wako, na nahodha wako.

Umeniambia jana kwamba mgeni wako amekubali kubaki mjini hadi apone, na kwamba bosi hajasema neno tangu hapo. Mwonyeshe makala hii. Akiacha kukupigia simu, nipigie mimi. Nina wageni wa Julai, wa Gombe na wa Mahale, na natafuta msaidizi.