Je, kutembea huzibua mishipa ya damu?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka 54, mkazi wa Tanga. Miezi mitatu iliyopita nilikutwa na presha ya 150 kwa 95, nikaanzishiwa dawa na kuambiwa nitembee kila siku. Jirani yangu anasema kutembea huzibua mishipa iliyoganda mafuta, kama maji ya nguvu yanavyozibua bomba. Lakini juzi nilijipima mara tu niliporudi kutembea, nikaona 168 kwa 84. Niliogopa, na tangu siku hiyo sijatoka tena. Je, mazoezi yanashusha presha au yanaipandisha?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Yanafanya yote mawili, kila moja kwa wakati wake, nawe ulijipima wakati wa kupanda. Moyo wa mtu aliyetulia husukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika, na kwa kijana mwenye afya anayekimbia kwa nguvu zake zote kiasi hicho kinaweza kufika lita 20 au kupita. Kwa kuwa kila pigo linatoa damu nyingi zaidi na kwa nguvu zaidi, namba ya juu ya shinikizo haina budi kupanda. Namba ya chini hubaki karibu pale pale au hushuka kidogo, kwa sababu mishipa midogo iliyomo ndani ya misuli ya miguu hupanuka ili kuipokea damu hiyo. Hebu kitazame tena kipimo kilichokutisha: namba ya chini, ambayo mwanzoni ilikuwa 95, ilisoma 84. Huenda dawa nayo imechangia, lakini mwendo huo wa namba mbili, moja kupanda na nyingine kutopanda, ndio unaotarajiwa kwa mtu aliyetoka kutembea.

Baada ya mazoezi, mishipa hiyo haifungi mara moja. Shinikizo hushuka chini ya pale lilipokuwa kabla hujatoka nyumbani, na hali hiyo inaweza kudumu kwa saa kadhaa. Mazoezi yakirudiwa kwa wiki na miezi, wastani wenyewe hushuka. Kwa watu wenye shinikizo la juu, namba ya juu hupungua kwa kati ya pointi 5 na 8 hivi, kiasi kinachokaribia kile ambacho dawa moja inaweza kukifanya. Hata hivyo, usiache dawa kwa hesabu yako mwenyewe.

Sasa nije kwa jirani yako, ambaye ushauri wake ni mzuri ingawa maelezo yake si sahihi. Mafuta yanayoziba ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, hayakugandia upande wa ndani kama kutu kwenye bomba. Yamejikusanya ndani ya ukuta wenyewe, chini ya utando mwembamba wa seli unaoitwa endothelia, kwa hiyo hakuna kasi ya damu itakayoyasafisha. Tena tusiombe yasafishwe hivyo, kwani utando huo unapopasuka, damu huganda juu ya jeraha, na donge hilo likiuziba mshipa wa moyo, mtu hupata shambulio la moyo.

Faida ya mazoezi inatokana na jambo ambalo bomba halina: ukuta wa mshipa uko hai, na unahisi. Damu inapopita kwa kasi huukwaruza utando ule kwa upole, nazo seli zake hujibu kwa kutoa gesi iitwayo naitriki oksidi, ambayo huiamuru misuli laini ya ukuta ilegee na mshipa upanuke. Ugunduzi wa kazi ya gesi hiyo ndio uliowapatia Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998, na vidonge ambavyo wagonjwa wa moyo huweka chini ya ulimi hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Ukuta unaokumbushwa kazi hii karibu kila siku huijibu damu upesi zaidi, na ndani ya misuli huongezeka kapilari, ile mishipa myembamba kuliko unywele ambamo oksijeni hukabidhiwa kwa seli. Ukiacha mazoezi kwa wiki kadhaa, sehemu kubwa ya faida hiyo hupotea.

Ushahidi wa zamani ninaoupenda zaidi unatoka kwenye mabasi ya London. Mwaka 1953, daktari Jeremy Morris na wenzake walitangaza kwamba makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa siku nzima, walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa kwenye usukani wa mabasi yale yale. Swali lilibaki kama huenda wanene ndio waliochagua udereva, naye Morris akaenda kutazama vipimo vya viuno vya suruali za sare. Unene peke yake haukutosha kuieleza tofauti ile. (Konda wa daladala asijipongeze haraka: kusimama mlangoni si kupanda ngazi.)

Kwa hiyo rudi barabarani. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani mwendo unaokuwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Jipime ukiwa umeketi na kutulia kwa dakika 5, na angalau nusu saa iwe imepita tangu ufanye mazoezi au unywe kahawa. Ukiona 180 kwa 110 ukiwa umetulia, au ukibanwa kifua unapotembea, acha kwanza na uende hospitali.

SWALI: Daktari, mimi ni fundi cherehani wa Mombasa, nina miaka 41. Tangu nilipoacha cherehani ya kukanyaga na kununua ya umeme, jioni miguu yangu huvimba, na mishipa imetuna kwenye shavu la mguu wa kushoto. Je, kutembea hakutaipasua?

JIBU: Dada yangu, hakutaipasua. Mishipa unayoiona ni vena, inayorudisha damu moyoni, na tatizo lake si lile la ateri za ndugu wa Tanga. Damu ya miguuni inapaswa kupanda juu, na nguvu ya moyo ikishapita kwenye kapilari huwa imebaki kidogo sana. Kinachoipandisha ni misuli ya shavu la mguu, ambayo kila inapokaza huziminya vena, nazo vali zilizomo ndani huizuia damu isirudi chini. Mtu akiketi bila kuchezesha miguu, pampu hiyo husimama. Cherehani yako ya zamani ilikuchosha, lakini kila ulipokanyaga ulikuwa unaiendesha bila kujua.

Sikuambii uiuze ya umeme. Kila baada ya nusu saa nyanyua visigino na kuvishusha mara 20 hivi, tembea kidogo unapokwenda kupiga pasi nguo, na jioni lala ukiwa umeinua miguu juu ya mto. Vena ambazo vali zake zimekwisha kulegea hazitarudi kama zamani kwa mazoezi, ila uvimbe na uzito wa miguu hupungua. Lakini mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa wa moto, usitembee ili kuupima. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda damu imeganda kwenye vena ya ndani.

SWALI: Nacheza mpira Kisumu. Kipenga cha mwisho kikilia nikasimama, macho hufanya giza. Je, nina upungufu wa damu?

JIBU: Upungufu wa damu hupimwa, haukisiwi, na kipimo chake ni rahisi. Lakini kwanza jaribu hili. Kipenga kinapolia, mishipa ya miguu yako bado imepanuka na imejaa damu. Ukisimama wima ghafla, misuli huacha kuisukuma, damu hutuama chini, na ubongo hupata kidogo kwa muda. Tembea uwanjani kwa dakika 5 hadi 10 kabla ya kusimama au kukaa, na unywe maji. Giza likiendelea licha ya hayo, au likikupata katikati ya mchezo wakati bado unakimbia, usicheze tena mpaka daktari apime moyo wako.