Watoto tuliowaasili karibuni: je, tuanze kuwasomesha nyumbani?

SWALI:

Assalaamu alaykum sheikh. Mimi na mume wangu tumejaaliwa kuwaasili ndugu wawili waliokuwa katika malezi ya kambo, msichana wa miaka 9 na mdogo wake wa kiume wa miaka 6. Mahakama imeshatukabidhi. Huko nyuma wamehamishwa nyumba na shule mara nyingi. Tunataka kuwasomesha wenyewe nyumbani, dini na dunia, na nimeshapanga ratiba inayoanza baada ya alfajiri: Qur'ani, hesabu, kusoma na kuandika. Lakini msichana hataki kushika kitabu. Hulia, au hunyamaza kabisa. Sala nayo haijui, na mume wangu anasema miaka saba imeshampita, tusimwonee muhali. Je, tunakwenda sawa? Na kwenye madaftari yao tuandike jina la nani?

JIBU:

Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakaatuh. Allah awalipe kheri kwa mlichokibeba. Mtume (s.a.w.) amesema kwamba yeye na mwenye kumlea yatima watakuwa peponi hivi, akaashiria kwa kidole cha shahada na cha kati. Najua watoto wa malezi ya kambo aghalabu wazazi wao wako hai, na yatima katika fiqhi ni aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Hata hivyo wanazuoni wengi wa zama hizi wanamhesabu mtoto aliyekosa wa kumtazama katika maana hiyohiyo, na mimi niko pamoja nao.

Kumsomesha mtoto nyumbani hakuna ubaya katika dini. Kilichofaradhishwa ni elimu, si jengo. Ila hakikisheni mambo mawili kabla ya lolote: sheria ya nchi mnayoishi, kwani zipo nchi, Ujerumani ikiwa mojawapo, zinazomtaka kila mtoto aende shule, na masharti mliyotia saini wakati wa kuasili. “Enyi mlioamini! Timizeni ahadi” (Qur'ani 5:1) inahusu na karatasi za ustawi wa jamii. Ulizeni pia kama kuna msaada wa kitaalamu, mfano wa matamshi au ushauri nasaha, ambao mtoto ataupoteza akiondolewa shuleni. Mara nyingi jambo hili hugundulika likiwa limeshachelewa.

Sasa ratiba yako. Dada yangu, iweke kabatini kwanza.

Mtoto aliyehamishwahamishwa huishi kama mlinzi wa zamu: masikio yako mlangoni, anapima sauti yako, anasubiri kuambiwa afunge mizigo. Akili iliyo katika hali hiyo haishiki jedwali la kuzidisha wala haihifadhi sura. Watu wenye uzoefu wa kusomesha nyumbani huwa na desturi ya kuacha kipindi kisicho na masomo rasmi mtoto anapotoka shuleni, wiki kadhaa au hata miezi, na kwa watoto wenu naona kipindi hicho ni lazima. Si kukaa bure. Wasomee hadithi kwa sauti bila kuwauliza maswali baadaye. Mle kwa saa zilezile, mlale kwa saa zilezile. Pikeni pamoja, kwani kupima unga nako ni hesabu. Msichana akiona kesho inafanana na jana, ndipo atakapokuwa na nafasi ya kusoma.

Na huenda kukataa kwake kitabu si ukaidi. Mtoto aliyekatizwa masomo kila mara hubaki na mapengo, na wa miaka 9 anaona aibu kujulikana kwamba hasomi vizuri, tena mbele ya mdogo wake. Muanzie pale alipo, hata kama ni nyuma sana ya umri wake, na mfundishe peke yake.

Liko jambo jingine ambalo watu hawalitazami. Mtoto wa shule akigombana na mwalimu wake, jioni ana nyumba ya kurudia. Kwako mama na mwalimu ni mtu mmoja, na binti huyu bado hajaamini kwamba wewe ni mama yake. Kila ugomvi wa hesabu ataupima kama swali la kubaki au kuondoka. Kwa hiyo likianza kuchacha, funga daftari. Somo linalowagombanisha mpe mumeo, au mtu mwingine mnayemwamini.

Kuhusu sala, hadithi ya kuwaamrisha watoto sala wakiwa na miaka saba, na kuwapiga wakiiacha wakiwa na kumi, ni sahihi, na mumeo ana haki ya kuitaja. Lakini itazameni yote: kati ya saba na kumi kuna miaka mitatu ya kufundisha na kukumbusha tu. Binti yenu hakuipata. Ninavyoona mimi, hesabu yake ya mafunzo inaanza siku alipoingia kwenu. Aone mkitawadha, awekewe mswala karibu yako, asimame akitaka. Ama kupiga, kwa mtoto ambaye pengine ameondolewa kwao kwa sababu ya kipigo, sikuruhusuni, na Mtume (s.a.w.) amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Muawiya bin al-Hakam, sahaba wa Mtume, alizungumza ndani ya sala kwa kutojua. Baadaye alisema, kama alivyopokea Imam Muslim katika kitabu chake cha hadithi, kwamba hajapata kuona mwalimu mwema kuliko Mtume: hakumkaripia, hakumpiga, hakumtukana. Alimweleza tu kwamba ndani ya sala haifai maneno ya watu. Alikuwa mtu mzima, sembuse mtoto.

Jina: “Waiteni kwa baba zao, maana huo ndio uadilifu zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu” (33:5). Zayd bin Haritha, ambaye Mtume alikuwa amemfanya mwanawe, aliitwa Zayd bin Muhammad mpaka ilipoteremka aya hii, akarudishiwa jina la baba yake, na mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua hata kidogo. Kama hati ya mahakama imewapa jina la ukoo wenu, madaftari yanayokwenda kwa wakaguzi yafuate hati. Kinachokatazwa ni kumnasibisha mtoto kwenu kana kwamba mmemzaa na kumficha asili yake. Asili hiyo iingizeni katika masomo: kwao ni wapi, jamaa zake ni akina nani, kwa kadiri mnavyojua. Wala msiwaseme vibaya wazazi wao mbele yao, hata kama walikosea sana.

Suala la umahramu, yaani undugu wa karibu unaozuia kuoana, halitoki kwa kuasili. Binti akibaleghe, stara baina yake na mumeo itahitajika, vilevile baina yako na kijana, kwa kuwa umri wa kunyonya, ambako kungewafanya mahramu, umewapita. Kwa familia inayoshinda nyumbani siku nzima, pangeni mapema vyumba na mavazi, na mwelezeni taratibu wakati bado mdogo, asije akadhani siku moja amekataliwa.

Mkijaribu mkaona nyumbani hapaendi, warudisheni shule bila majuto. Aya ya mayatima inasema: “Kuwatengenezea ndio kheri” (2:220), na njia ya kuwatengenezea mtaichagua nyinyi kwa kuwatazama wao.

Wallahu a'lam.